Umri wa Manjano na Umri wa Kapsuli

Utangulizi

Likizo iliyopita nilipofika kijijini kwetu, karibu na Masaka nchini Uganda, nilimkuta bibi yangu ameketi barazani na chupa ndogo ya plastiki mkononi. Bibi, ambaye sisi kwa Kiganda humwita jjajja, amesumbuliwa na magoti kwa miaka mingi. Asubuhi huyasugua kwanza kabla ya kukanyaga chini, na siku za mvua hashuki shambani. Chupa ile aliuziwa na mchuuzi aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Ndani mlikuwa na kapsuli 60. Kwa kuwa maandishi yalikuwa ya Kiingereza, aliniomba nimsomee. Nikamsomea kwamba kapsuli hizo zimetengenezwa kwa manjano, kwamba zinasaidia viungo vya mwili, na kwamba manjano yametumika kwa maelfu ya miaka.

"Binzaali?" akauliza. "Hii hii ninayotia kwenye mchuzi?"

"Ndiyo, jjajja."

Alicheka sana. Mimi pia nilicheka, mpaka siku ya tatu nilipogundua kwamba ili apate fedha za kununua chupa ile, na ya kwanza iliyoitangulia, alikuwa ameacha kununua dawa zake za presha kwa mwezi mzima. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa maneno yale yale niliyomsomea: kitu kilichotumika maelfu ya miaka hakiwezi kudanganya.

Mimi si daktari, na insha hii haikusudii kumwandikia mtu dawa. Lakini "maelfu ya miaka" ni madai ya kihistoria, na madai ya kihistoria yanaweza kuchunguzwa kwa njia za kihistoria. Swali langu ni hili: umri huo ni wa nini hasa? Hoja nitakayoitetea ni kwamba manjano kama kiungo, rangi na dawa ya nyumbani ni ya kale kweli, lakini kapsuli ya manjano kwa ajili ya maumivu ya viungo ni kitu kipya ambacho historia yake haifiki nusu karne. Kapsuli imeazima umri wa manjano, na umri huo wa kuazima ndio unaoiuza.

Majina yanatuambia nini

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha huhifadhi historia ambayo wasemaji wenyewe wameisahau. Kiswahili kinauita ugonjwa wa viungo baridi yabisi. Neno yabisi limetoka Kiarabu na maana yake ni kavu. Kwa nini ugonjwa uitwe baridi na kavu? Jina hilo linabeba nadharia ya tiba iliyoanzia kwa Wayunani, ikaendelezwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, kisha ikafika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Katika nadharia hiyo kila mwili, kila chakula na kila ugonjwa una tabia yake: joto au baridi, ukavu au unyevu. Ugonjwa wa baridi hutafutiwa kitu cha moto, na viungo vingi vya jikoni, kama tangawizi, pilipili manga na manjano, huhesabiwa kuwa vya moto. Kwa hiyo kumpa manjano mtu mwenye baridi yabisi kulikuwa na mantiki yake kamili hata kabla ya mtu yeyote kupima chochote katika maabara.

Jina la kiungo chenyewe lina safari yake. Neno letu la Kiganda, binzaali, limetokana na bizari, au binzari, ya Kiswahili, nalo lina asili ya Kiarabu. Ladha hiyo ilifika bara kwa njia ya wafanyabiashara. Misafara ya pwani ilitangulia, kisha ikaja reli ya Uganda iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria na vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Wengi wao walirudi kwao, lakini baadhi walibaki, na maduka ya Wahindi yakaenea. Anayekumbukwa zaidi ni Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch, ambaye biashara yake ilianzia Bagamoyo na matawi yake yakafika Kampala na kwingineko Uganda. Kwa hiyo kwetu Buganda, manjano hayana maelfu ya miaka. Yana umri wa vizazi vichache, na yalikuja kwanza kama kiungo cha mchuzi.

Manjano ya kale yalitibu nini

Hata hivyo ni kweli kwamba huko India manjano ni ya kale. Kwa Kisanskriti huitwa haridra, na maandishi ya kale ya tiba ya Ayurveda yanayataja. Yalitumika kupaka vidonda na ngozi, kusaidia tumbo, kutia rangi nguo, na kuwapaka maharusi kabla ya arusi, desturi inayoendelea hadi leo. Tunguu la manjano lilichemshwa, likaanikwa, likasagwa. Unga wake ukaliwa na chakula au ukachanganywa na maziwa au mafuta.

Hapa panahitaji uangalifu. Matabibu wa Ayurveda waliyajua maumivu ya viungo. Kuna ugonjwa unaoitwa amavata, ulioelezwa katika kitabu cha Madhava zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambao wasomaji wa leo huulinganisha na baridi yabisi. Lakini dawa zinazotajwa sana kwa ugonjwa huo ni tangawizi kavu, mafuta ya mbarika na utomvu wa mti wa guggul. Manjano yapo katika sanduku la dawa za Kihindi, ila si ndiyo mashuhuri zaidi kwa ajili ya magoti. Anayesema kwamba manjano yametumika tangu kale anasema kweli. Anayetaka msikilizaji aelewe kwamba yametumika tangu kale kama kapsuli ya viungo anaongeza neno ambalo maandishi hayana.

Kutoka tunguu hadi kemikali

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalitokea Ulaya mwaka 1815. Wakemia wawili, Vogel na Pelletier, walitenga kutoka katika manjano kitu chenye rangi na kukipa jina la kurkumini. Pelletier huyu ndiye ambaye miaka mitano baadaye, mwaka 1820, akiwa na mwenzake Caventou, alitenga kwinini kutoka katika gome la mti wa sinkona. Matukio haya mawili yanafaa kusomwa pamoja. Kwinini ilithibitika kuwa dawa ya malaria, na kuanzia hapo wakemia walitazamia kwamba ndani ya kila mmea wa dawa kuna kitu kimoja kinachofanya kazi, na kwamba kukitoa ni kuipata dawa yenyewe.

Kwa kurkumini mambo hayakwenda hivyo. Kwa miaka mingi wakemia waliyatumia manjano kama kipimo tu: karatasi iliyochovywa kwenye manjano hugeuka rangi ya kahawia nyekundu inapokutana na magadi. Muundo wa kurkumini ulifahamika mwaka 1910 kwa kazi ya Milobedzka, Kostanecki na Lampe. Hata baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya viungo vya mwili kuingia kwa uzito katika habari hii. Mwaka 1973, Srimal na Dhawan wa India walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanyama, wakaonyesha kwamba kurkumini hupunguza uvimbe. Mwaka 1980, Deodhar, Sethi na Srimal waliwapa wagonjwa 18 wa baridi yabisi miligramu 1,200 za kurkumini kwa siku, na kwa kipindi kingine wakawapa fenilibutazoni, dawa ya maumivu iliyokuwa ikitumika wakati ule. Kila kipindi kilidumu majuma mawili. Ukakamavu wa asubuhi na uvimbe ulipungua kwa dawa zote mbili, ingawa fenilibutazoni ilifanya vizuri zaidi.

Wagonjwa 18, majuma mawili mawili. Huu ndio mwanzo wa historia ya kapsuli ya jjajja. Watafiti wenyewe hawakosi sifa, maana kila utafiti huanza kwa hatua ndogo. Lakini mwanzo wake ni 1980, na si miaka elfu iliyopita.

Kesi ya hataza, 1995 hadi 1997

Tukio linalofahamika zaidi katika historia ya manjano ya karibuni ni la kisheria. Mwezi Machi 1995, Marekani ilitoa hataza namba 5,401,504 kwa Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. Wavumbuzi walioandikwa walikuwa Suman Das na Hari Har Cohly, wote wawili wenye asili ya India. Maana yake ni kwamba jambo ambalo akina mama wa Kihindi walilifanya kila mtoto alipojikata lilikuwa sasa mali ya chuo kimoja cha Marekani.

Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India, likiongozwa na Raghunath Mashelkar, lilipinga. Katika kesi ya hataza, swali halikuwa kama manjano yanaponya vidonda. Swali lilikuwa kama jambo hilo ni jipya. Baraza likawasilisha maandishi 32, mengine ya zaidi ya miaka 100, ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi, pamoja na makala ya jarida la kitabibu la India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 ofisi ya hataza ya Marekani ilikubali kwamba hapakuwa na uvumbuzi, ikaifuta hataza. Tangu 2001 India imekuwa ikijenga hazina ya kidijitali ya elimu yake ya jadi ili wizi wa namna hiyo usirudiwe.

Kwa nchi zetu, ambazo elimu nyingi ya dawa imo vichwani mwa wazee na si vitabuni, ushindi huo ni somo kubwa. Lakini tuutazame vizuri. India ilishinda kwa kuthibitisha kwamba matumizi hayo ni ya zamani. Haikutakiwa kuthibitisha kwamba yanafanya kazi, na kesi haikuhusu viungo hata kidogo. Uzee wa matumizi ni ushahidi mzuri mahakamani anapotafutwa mwenye mali. Mbele ya mgonjwa, ushahidi huo peke yake hautoshi. Mambo haya mawili yakichanganywa, mwuzaji hujipatia nembo ya bure.

Jinsi soko lilivyofunguka

Kwa nini basi kapsuli zilienea baada ya miaka ya 1990 na si kabla? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni sheria. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria ya virutubisho nyongeza. Kwa sheria hiyo, mtengenezaji wa kirutubisho hahitaji kuthibitisha kwa serikali, kabla ya kuuza, kwamba bidhaa yake inafanya kazi. Haruhusiwi kusema kwamba inatibu ugonjwa, lakini anaruhusiwa kusema kwamba inasaidia sehemu fulani ya mwili. Ndiyo maana chupa ya jjajja haikusema "hutibu baridi yabisi", bali "husaidia viungo". Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo nilihitaji mwanga wa simu kuzisoma, iliandikwa kwamba bidhaa hiyo haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote. Mchuuzi hakuufikia mstari huo.

Ya pili ni hofu. Tarehe 30 Septemba 2004, kampuni ya Merck iliondoa sokoni dawa yake ya viungo iitwayo Vioxx baada ya kuonekana kwamba iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mamilioni ya watu walikuwa wameitumia. Dawa nyingine za maumivu zilijulikana tangu zamani kwamba huweza kuchubua tumbo. Mgonjwa aliyeogopa vidonge vya hospitali alihitaji kitu alichokiona salama, na ni kitu gani kinachoonekana salama kuliko kilichomo jikoni mwake?

Ya tatu ni ufundi. Kurkumini ina kasoro moja kubwa: ikimezwa, ni kidogo sana inayoingia kwenye damu. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore walionyesha kwamba kurkumini ikitolewa pamoja na miligramu 20 za piperini, ambayo ni kiini cha ukali wa pilipili manga, kiasi kinachoingia mwilini huongezeka kwa asilimia 2,000. Tangu hapo kapsuli nyingi huchanganywa na piperini, au hutengenezwa kwa njia nyingine za kuisukuma kurkumini ipite.

Tufanye hesabu ndogo. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 hivi. Kapsuli moja ya miligramu 500 yenye kurkumini asilimia 95 inabeba kurkumini sawa na ile ya gramu 16 za unga, yaani kama vijiko vitano vya chai. Jjajja alikuwa akimeza tatu kwa siku. Hakuna bibi, wa Kihindi wala wa Kiganda, aliyewahi kutia vijiko 15 vya binzaali katika chakula chake cha siku moja, tena vikiwa vimeongezewa nguvu ya kupenya kwenye damu. Kilichomo kwenye chupa hakina historia ya maelfu ya miaka, kwa sababu hakikuwapo.

Majaribio yanasema nini

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema kwamba kapsuli ni utapeli. Ushahidi haukubali. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la wagonjwa 367 wenye magoti yaliyochakaa. Kwa majuma manne, baadhi walipewa dondoo ya manjano miligramu 1,500 kwa siku na wengine ibuprofeni miligramu 1,200. Nafuu ilikaribiana, na waliotumia manjano walilalamikia tumbo kidogo zaidi ya wenzao, maana yake malalamiko yao yalikuwa machache. Mwaka 2020, jaribio lililofanywa Tasmania, Australia, kwa watu 70 lililinganisha dondoo ya manjano na kidonge kisicho na dawa kwa majuma 12. Maumivu yalipungua zaidi kwa waliopewa manjano. Lakini picha za goti hazikuonyesha tofauti: maji ndani ya goti na hali ya gegedu vilibaki vile vile.

Nilipomsimulia jjajja jaribio hilo alinikatiza. "Sasa unanikatalia nini? Mimi nilikuambia yamepungua, sikukuambia yamepona." Nilikosa la kujibu. Alikuwa ameueleza utafiti ule kwa usahihi kuliko maandishi ya chupa.

Kwa upande wa pili, mwaka 2017 wakemia wa Marekani walipitia maandishi ya kisayansi kuhusu kurkumini na kuonya kwamba pamoja na majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, kemikali hiyo haina sifa nzuri za kuwa dawa: haitulii, haiingii vizuri mwilini, na huweza kuvidanganya vipimo vya maabara. Majaribio mengi ya viungo nayo ni madogo na mafupi.

Kisha kuna ini. Mwaka 2019 Italia iliripoti visa zaidi ya 20 vya kuvimba kwa ini kwa watu waliotumia virutubisho vya manjano, na wizara ya afya ikaagiza onyo liandikwe kwenye bidhaa. Nchini Marekani, mtandao wa madaktari unaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini uliripoti visa 10 vilivyohusishwa na manjano, vyote vya tangu 2011. Watano walilazwa na mmoja alifariki. Saba kati yao walikuwa na aina moja ya jeni ya kinga ya mwili. Wengi wanaotumia kapsuli hawapati madhara hayo, na hatari ni ndogo. Hata hivyo ni hatari ambayo mchuzi haukujulikana kuwa nayo, na katika baadhi ya visa piperini ilikutwa ndani ya bidhaa. Ule ufundi wa 1998 uliotatua tatizo la kurkumini kutoingia mwilini huenda ukawa umefungua pia mlango wa tatizo jingine.

Hitimisho

Katika insha hii nimejaribu kutenganisha vitu viwili vinavyouzwa kama kimoja. Manjano yana historia ndefu ya jikoni, arusini na kwenye vidonda, iliyotoka India na kufika kwetu kwa jahazi na reli. Kapsuli ina historia fupi iliyoanza na wagonjwa 18 mwaka 1980, ikapewa uwanja na sheria ya 1994, ikaongezwa nguvu mwaka 1998 na kupata wateja wengi baada ya hofu ya 2004. Manjano hayana deni kwa kapsuli. Kapsuli ndiyo yenye deni, na linapaswa kulipwa kwa majaribio makubwa na maonyo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma.

Nchi zetu zina kazi hapa. Bidhaa hizi huingia vijijini na wachuuzi wasiojua Kiingereza cha maandishi wanayoyauza, na kumfikia mnunuzi asiyejua pia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Jjajja aliacha dawa ya presha, ambayo inamzuia kupata kiharusi, kwa ajili ya kitu kinachompunguzia maumivu kidogo. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Aliheshimu ukale, kama sisi sote tulivyofundishwa kuuheshimu, na mtu fulani akaitumia heshima hiyo.

Tulikubaliana mambo mawili. Dawa za presha zitanunuliwa kwanza kila mwezi, nami nitachangia. Habari ya kapsuli ataipeleka mwenyewe kwa daktari wa kliniki, akiwa na chupa mkononi, ili aulizwe na kupimwa. Binzaali ya mchuzi haikuguswa katika makubaliano hayo. Jioni ile aliitia kama kawaida, kwa ncha ya kijiko.